Dawa ya Mwanangu

Siku ya tatu ya homa Somoe alikataa hata uji. Alikuwa na miaka minne, mtoto wa maneno mengi, wa kuuliza jambo na kulijibu mwenyewe kabla hujafungua mdomo. Sasa alilala mkekani mchana kutwa, midomo imemkauka, akiwaangalia watu kana kwamba hawajui. Mama yake, Asumini, alikuwa ameshajitanda khanga na kadi ya kliniki ameibana kwapani. Zahanati ya Nkowe haikuwa mbali. Mtu angekwenda na kurudi kabla maharage hayajaiva. Tena dawa ya malaria kwa mtoto wa umri ule hailipiwi.

Aliyesimama mlangoni ni mama mkwe wake, Bi Mwanne, mkononi ana bakuli la maji ya mizizi ya mkunungu.

“Mpe hii ya mchana kwanza, mama Somoe,” alisema kwa upole. “Dozi haijaisha.”

Asumini hakuwa mkaidi, na hilo ndilo lililomponza. Aliingia katika nyumba ile akiwa na miaka kumi na tisa, akapendwa humo kama binti wa kuzaliwa, na tangu siku hiyo hajawahi kumwambia mama mkwe wake hapana. Alisema tu kwamba mtoto amechemka, kwamba macho yanaanza kuwa ya manjano, na kwamba nesi Koleta yupo zahanati leo, amemwona asubuhi akipita na baiskeli. Bi Mwanne akajibu kwamba amesikia, na jua likizama bila nafuu watakwenda wote wawili. Jana alisema hivyo hivyo. Na juzi pia.

Msimwone Bi Mwanne mjinga. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mwenye mikorosho mia na ushee aliyoipalilia kwa mikono yake, na watoto wawili aliowasomesha kwa jembe. Mkunungu aliujua tangu kwa mama yake: unachimba mizizi ya upande mmoja ili mti usife, unabandua ganda, unachemsha mpaka maji yawe mekundu. Lakini miaka yote hiyo hakumzuia mtu kwenda hospitali. Homa ikimshika mwenyewe alikwenda kupima, akapewa dawa mseto, akazimeza, halafu mkunungu akaunywa juu yake. Ndiyo mazoea ya watu wa huku, na hayakuwa na ubaya wowote. Mambo yaligeuka mwezi uliopita, binti yake Raudha alipokuja kutembea na kompyuta yake.

Saa tisa mchana Somoe akakakamaa. Macho yalipanda juu, meno yakaumana, mkono mmoja ukawa unapiga mkeka wenyewe. Bi Mwanne akaweka bakuli chini na kusema huyo ni mdudu wa malaria anapambana na dawa, watulie. Asumini hakutulia. Alimzoa mwanawe, akampita mama mkwe wake mlangoni kwa kumsukuma bega, jambo ambalo hakuwahi hata kuliota, akatoka mbio pekupeku kwenye matope.

Nesi Koleta hakupoteza muda kwa lawama. Kipimo cha haraka kilionyesha malaria kabla hajamaliza kuandika jina. Akampa mtoto dawa ya kutuliza degedege, akamchoma sindano ya kwanza, akaandika rufaa ya kwenda Ruangwa, akapiga simu kuita gari. Ni wakati wa kusubiri gari ndipo alipouliza Somoe amepewa nini nyumbani siku zote tatu. Asumini aliangalia sakafu.

Koleta akasema basi, asijisumbue, ameshajua. Mwezi mzima mvua zinanyesha, mbu wanaimba mpaka mchana, na bado watoto wenye homa wanaoletwa kwake wamepungua nusu. Alidhani vyandarua vimeanza kufanya kazi.

“Nilifurahi mimi,” alisema. “Hata kwenye ripoti niliandika malaria inashuka. Kumbe mko majumbani mnatibiwa na kompyuta.”

Asumini alikuwa akihesabu pumzi za mwanawe.

Simu ilimfikia Raudha saa kumi, Nachingwea mjini, kwenye chumba alichopanga karibu na soko. Alikaa Nachingwea kwa sababu umeme wake ulikuwa wa kuaminika kidogo kuliko wa Nkowe, na kompyuta yake ilikuwa na betri iliyozeeka. Asubuhi alikwenda kijiji cha Lionja kukusanya majani na magome, mchana akarudi kufanya hesabu zake. Chumba kizima kilijaa mifuko ya kaki yenye majina ya miti. Aliyepiga ni kaka yake Imrani, dereva wa bodaboda, baba yake Somoe, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekimbia.

“Somoe tunamkimbiza Ruangwa. Malaria imempanda kichwani.”

Neno la kwanza lililomtoka Raudha lilikuwa kuuliza mtoto amepewa nini. Hakuuliza kama yu hai. Baadaye alijishangaa kwa hilo, na mimi naona alikuwa na haki ya kujishangaa, maana mtu haulizi swali kama lile ila moyo wake umeshajua.

Imrani akasema, “Si ile dawa yako, nini tena!”

Raudha akachukua bodaboda ya kwenda Ruangwa. Barabara ilikuwa imeloa, dereva akateleza mara mbili, na njia nzima yeye aliyarudia yale yaliyotokea sebuleni kwa mama yake mwezi uliopita.

Kazi yake, kwa maneno ya kawaida, ni hii. Mdudu wa malaria ana protini fulani mwilini mwake ambayo bila hiyo haishi, na wataalamu wameshalichora umbo la protini hiyo mpaka kikunjo cha mwisho. Programu ya kompyuta inachukua kemikali zilizomo kwenye miti, moja baada ya nyingine, inaigeuza kila moja mbele ya umbo lile na kukadiria itang’ang’ania kwa nguvu kiasi gani. Badala ya kujaribu mia tatu maabara, kwa miaka na gharama zisizobebeka, unajaribu chache zilizoongoza. Raudha alipitisha mia tatu na kumi na mbili, na iliyoongoza ilitoka kwenye mkunungu, mti wa mama yake.

Msimamizi wake chuoni Dar es Salaam, Dokta Nicholaus, alimpongeza, na papo hapo akamwambia hiyo ni orodha ya mahali pa kuanzia tu. Bado kujaribu kwa mdudu mwenyewe kwenye kichupa, bado kwa panya, bado kujua kama ni sumu, bado watu, na nyingi huangukia njiani. Raudha aliyajua hayo. Aliyaandika kwa mkono wake kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti.

Lakini mama yako aliyekusomesha kwa jembe akikuuliza unafanya kazi gani huko, humpi ukurasa wa kwanza wa ripoti. Raudha alifungua kompyuta, akamwonyesha. Kwenye kioo kulikuwa na bonge la kijani lenye mashimo, na kitu kidogo cha njano kikaja taratibu, kikajipinda, kikaingia kwenye shimo moja, kikatulia. Alimwambia lile bonge ni mdudu wa malaria na kile cha njano kimo kwenye mkunungu wake. Bi Mwanne alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Akauliza mbona mdudu hatikisiki tena, amekufa?

Raudha alicheka. Alikuwa na furaha, alikuwa nyumbani, chai ilikuwa ya tangawizi.

“Amekwisha huyo,” alisema.

Ni maneno mawili tu. Bi Mwanne alitoka uani kuwaita majirani waje waone jinsi mwanawe alivyopiga picha ndani ya damu ya mtu, dawa inamkaba mdudu mpaka anakufa. Walikuja kumi na mbili, na wengine dirishani. Mama ndiye aliyeeleza; Raudha kazi yake ilikuwa kubonyeza picha irudi mwanzo. Walipomwita daktari hakuwasahihisha. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo, na lilimkaa vizuri masikioni.

Wodi ya watoto ilikuwa imejaa, vitanda vingine vina watoto wawili wawili, ndiyo msimu wenyewe. Somoe alikuwa na dripu mkononi na mpira puani. Imrani alikuwa ameshatoa damu ya kumwongezea mtoto na sasa ameegemea ukuta, amekunja mkono wa shati. Asumini aliinua macho wifi yake alipoingia, akayashusha. Bi Mwanne peke yake ndiye aliyesimama kumpokea, akamshika mkono kwa nguvu.

Mtu wa kumwonea huruma kuliko wote pale, baada ya mtoto, ni huyo mama. Bado alikuwa anaamini. Alidhani sasa binti yake amekuja na mambo yatanyooka.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya uchovu. Alisoma faili, akabonyeza tumbo la Somoe, akafunua kope zake, akauliza kama kabla ya sindano ya zahanati kuna dawa yoyote mtoto alipewa. Asumini alifungua mdomo. Bi Mwanne akamtangulia.

“Alipewa dawa ya mwanangu,” alisema, amesimama wima. “Huyu hapa. Ameigundua chuo kikuu.”

Angemdharau ingekuwa afadhali. Daktari alimgeukia Raudha kwa heshima kabisa, akabadilisha kalamu mkono ili amsalimie, akamwita mwenzangu, akamuuliza ni dawa gani hiyo na mtoto alipata kiasi gani.

“Mimi si daktari,” Raudha alisema. “Ni mwanafunzi. Ni mizizi.”

“Mizizi ya nini?”

“Mkunungu. Bakuli tatu kwa siku,” alijibu; kipimo cha mama yake alikijua tangu utoto.

Daktari akaeleza, bado kwa adabu, kwamba mtoto ana manjano, na anahitaji kujua kama ini limechoka kwa malaria au kwa hiyo mizizi, maana matibabu yanategemea hapo. Raudha akasema hajui. Akaulizwa kama imejaribiwa kwa panya. Bado. Kwa mdudu mwenyewe, maabara? Bado.

“Sasa imejaribiwa wapi?”

“Kwenye kompyuta.”

Mama wa kitanda cha jirani aliacha kunyonyesha ili asikie vizuri. Daktari hakumgombeza. Aliandika mstari mmoja kwenye faili, na Raudha akausoma kwa kupinda shingo: dawa ya kienyeji, haijulikani. Kisha akaenda kitanda kingine, kwa sababu watoto walikuwa wengi na yeye mmoja. Imrani alimtazama mdogo wake kwa muda mrefu, akatoka nje.

Raudha aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Miaka sita ya chuo, na swali la kwanza alilopata kuhusu mgonjwa halisi hakuweza kulijibu.

Kesho yake asubuhi, sehemu ya kufulia nyuma ya wodi, mama na binti walikamua shuka la Somoe, mmoja huku mmoja kule. Bi Mwanne alikuwa hajalala. Alikuwa na neno, na alilizungusha mpaka shuka likaisha maji.

“Mbona ulimwambia daktari hujui?” aliuliza.

“Kwa sababu sijui, mama.”

“Tuliona wote. Mimi nimeona kwa macho yangu.”

Raudha akalazimika kumweleza, pale pale, mikono imelowa, yale aliyopaswa kuyasema mwezi uliopita. Hakuna kamera iliyoingia kwenye damu ya mtu. Lile bonge ni mchoro. Kompyuta inafanya hesabu, inasema kitu hiki huenda kikashika pale, basi, halafu hesabu zinapakwa rangi ili mtu azielewe. Huenda maabara ikaonekana kweli inaua. Huenda ikaonekana haifanyi chochote. Huenda ikawa sumu.

“Ile rangi ya njano,” alisema, “niliichagua mimi.”

Bi Mwanne alilitundika shuka kwenye kamba, akalinyoosha kila pembe. “Kwa hiyo sikumwona.”

“Hukumwona.”

“Na uliposema amekwisha?”

Hapo Raudha, kama wengi wetu tunapokosa la kusema, akakasirika. Akauliza kwa nini, mbona siku zote mama akiumwa alikwenda zahanati na kumeza vidonge kama watu wengine, mbona kwa mjukuu wake alingoja mpaka mtoto akakamae? Alisema kwa sauti iliyowafanya wanawake wengine wageuke na ndoo zao.

Bi Mwanne alijibu taratibu. Siku ya kwanza kabisa, alisema, alimbeba Somoe mgongoni yeye mwenyewe, Asumini akiwa shamba la ufuta. Kadi alikuwa nayo. Akafika mpaka barabarani, na barabarani kulikuwa na watu wanatoka mnadani.

“Nikawaza, hawa nimewagawia dawa yako kwa mkono wangu. Wakiniona nakimbilia kwa Koleta na mjukuu wangu, watasema nini juu yako? Watasema hata mama yake haiamini kazi yake.” Akajifuta mikono kwenye khanga. “Nikarudi.”

Raudha alikaa kwenye ukingo wa saruji. Alitaka kulia, machozi yakagoma. Alikuwa amekuja kumlaumu mtu, na aliyemkuta ni mwanamke aliyetembea na mtoto mwenye homa mpaka barabarani, akageuza kwa ajili ya jina lake yeye. Mama yake akamwambia ainuke, saruji ni mbichi, na Jumatano anatakiwa Dar kusoma kazi yake mbele ya wakubwa; asije akafika anaumwa.

Somoe alifungua macho Jumamosi asubuhi. Alikunywa maji, akamshika mama yake kidole, akamtafuta baba yake kwa macho mpaka akampata. Imrani alicheka kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake, akatoka kuwapigia simu watu wote wa Nkowe aliokuwa na namba zao kwamba mtoto ameamka. Manjano yalikuwa yanapungua. Daktari alisema ini linarudi, na kwamba hatajua kamwe kilicholisumbua zaidi, malaria au mizizi.

Baadaye mhudumu akapita na sinia la vyombo, likamponyoka nyuma ya kitanda. Kelele ile iliwashtua watu wodi nzima, kichanga cha jirani kikaanza kulia. Somoe aliendelea kuchezea kifungo cha blauzi ya mama yake.

Asumini akamwita jina. Akamwita tena, kwa nguvu. Daktari alipokuja alipiga makofi upande wa kulia, akapiga upande wa kushoto, akasema malaria ya namna ile wakati mwingine humwachia mtoto uziwi. Wengine masikio hufunguka baada ya wiki kadhaa, wengine hayafunguki. Warudi baada ya wiki mbili wampime. Akaanza na kuwashauri waongee naye sana huku wakimtazama usoni, asije akasahau maneno, lakini hakuna aliyekuwa anamsikiliza.

Asumini hakulia. Alimfunika mwanawe miguu, na bila kugeuka akasema, “Mama, nenda nyumbani ukapumzike.”

Hakusema zaidi ya hapo. Lakini Bi Mwanne alikuwa amekaa na mkwewe miaka sita, alijua amefukuzwa. Akaokota kikapu chake.

Jumapili Raudha alimpeleka mama yake Nkowe. Njiani walipanga, au tuseme Raudha alipanga na mama akanyamaza: wakifika watawaita majirani na Raudha atawaeleza ukweli kuhusu mizizi, mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa anayatayarisha maneno kichwani, na kila alilolipata lilikuwa la kitabuni.

Hawakuhitaji kumwita mtu. Walikuta watu saba uani. Habari za Imrani zilikuwa zimewatangulia, ila zilikuwa zimegeuka. Mzee Hemedy, jirani wa nyumba ya pili, aliinuka kwenye kigoda akampokea Raudha kwa mikono miwili.

“Hongera, daktari. Mtoto alishakufa yule, dawa yako imemrudisha. Tumesikia.”

Wengine wakaitikia. Aliyekuwa mbele yao ni Magreti, mwanamke wa upande wa pili wa kijiji, wazazi wake walihamia kutoka Msumbiji zamani. Hakuwepo siku ya kompyuta, alisimuliwa tu. Mgongoni alikuwa na mtoto wa miezi minane, na hata bila kumgusa uliona homa: kichwa kimelegea, shingo inang’aa jasho. Magreti alisema alikuja tangu jana akakuta nyumba imefungwa, akaacha kuku wake uani kama shukrani, na leo amerudi kuchukua mizizi. Zahanati hakwenda. Alisema akipata hii ataona hana haja.

Raudha aliyaona mambo yote mara moja. Alimwona mtoto. Alimwona Hemedy na furaha yake. Aliona na Jumatano, ukumbi, wakubwa wa chuo, na mtu mmoja wa kutoka huku anayewapigia simu kuwaambia kwamba yule binti amewanywesha watu mizizi kijiji kizima. Akafungua mdomo. Akasema, “Jamani, ile kompyuta,” akakwama.

Bi Mwanne aliweka kikapu chini.

“Nisikilizeni mimi,” alisema. “Huyu hana kosa. Aliponionyesha ile picha aliniambia ni mchoro, bado wanatafuta, wasije wakanywa watu. Mimi ndiye niliyetoka nje nikasema dawa imepatikana. Nilidanganya. Nilitaka sifa.”

Hemedy alikaa tena kwenye kigoda chake, taratibu.

“Somoe ameponywa na sindano,” Bi Mwanne aliendelea. “Na hasikii. Mkunungu nilimpa mimi siku tatu, na sasa mtoto hasikii. Magreti, nenda kwa Koleta na mwanao. Nenda sasa hivi.”

Magreti hakwenda. Mtu aliyeweka tumaini lake mahali hang’oki kwa neno moja. Alimgeukia Raudha, akamtazama usoni, na watu wote wakamtazama.

“Ni kweli, daktari? Wewe hukusema inatibu?”

Raudha aliona midomo ya mama yake ikitetemeka kidogo, na macho yake hayatetemeki. Alijua jibu. Lilikuwa fupi, lingemalizika kwa pumzi moja, na lingemwondolea mama yake mzigo usio wake. Alikuwa na miaka ishirini na sita na kila alichokuwa nacho duniani kilikuwa jina lake.

“Sikusema,” alijibu.

Basi watu wakainuka, mmoja mmoja, wakikung’uta nguo. Hakuna aliyemtukana Bi Mwanne, ingekuwa nafuu. Mwanamke mmoja alisema, si kwa sauti kubwa, kwamba ametoka naye mbali sana na hakumjua. Hemedy aliondoka bila kuaga, na huyo ni mtu aliyekuwa akila kwake kila Idi tangu mumewe afariki. Magreti alikaza mbeleko, tayari kwa safari ya zahanati, kisha akasimama.

“Basi nirudishie kuku wangu, mama Imrani.”

Bi Mwanne alisema ni haki yake. Akajifunga khanga kiunoni, akaanza kumfukuza yule kuku uani, akamfuata nyuma ya choo, akamkosa kwenye rundo la kuni, akateleza kwenye tope, akaweka mkono chini, akainuka. Magreti alisubiri na mtoto wake mgongoni. Raudha, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda alichokiacha Hemedy, akainuka kwenda kusaidia.

“Kaa, mwanangu,” mama yake alimwambia, akihema. “Utachafua nguo, na kesho una safari.”

Raudha akakaa.